Chupa ya Mbegu za Jirani

Juzi nilifungua mfuko wa maharage yaliyobunguliwa, na harufu ya ule unga unaoachwa na wadudu ikanirudisha utotoni Kilolo, kwenye friji la kwetu, friji pekee pale mtaani. Bibi jirani alituletea chupa ya mbegu za maharage ya mama yake, tumhifadhie kwenye baridi wadudu wasizile hadi mvua zianze. Hakuna mwingine aliyebaki nazo.

Mimi nilitaka nafasi ya kugandisha barafu za ubuyu, niwatambie wenzangu. Siku ile ile nikaitoa chupa, nikaificha kwenye kabati la jikoni, penye joto la kuni, nikaisahau. Nilipoikumbuka, miezi ilikuwa imepita. Nikairudisha kimyakimya.

Mvua zilipoanza, bibi alizimimina mbegu kwenye ungo. Zote zilikuwa na matundu.

"Kuna mtu aliitoa hii chupa?" mama aliuliza, akinitazama.

"Hapana."

"Usimsumbue mtoto," bibi akasema. "Nitakuwa nilizianika vibaya mwenyewe. Nisameheni, nimewajazia friji bure."

Akanigeukia na mimi, akaniomba radhi.

Nikamjibu, "Haya, bibi."