Jumamosi ya Mwisho ya Shule ya Edmonton

Nilisafiri kutoka Stratford, upande mwingine wa jiji, kwa sababu Mwalimu Bahati alikosa msaidizi. Alikuwa na shule ya Jumamosi katika ukumbi wa kanisa huko Edmonton, akiwafundisha watoto wetu Kiswahili na hesabu. Mimi niliishia darasa la sita na huandika polepole, lakini mwandiko wangu unasomeka.

"Utaandika ubaoni," aliniambia kwenye simu. "Kusema nitasema mimi."

Saa moja asubuhi nilipanda basi, na Tottenham nikapanda jingine. Mvua ilinyesha njia nzima.

Saa tatu kasoro robo nilifika. Mwalimu alikuwa akipanga viti. Alinieleza kwamba saa nne mama msimamizi wa kanisa angekuja kuhesabu watoto. Wakiwa chini ya kumi, ukumbi ungepewa watu wengine. Saba walikuwa wamefika. Watatu wa Mama Furaha walikuwa njiani.

Saa tatu kamili alifunga mlango, kama walivyofanya walimu wetu Bukavu, akanipa ufunguo. "Anayechelewa anabaki nje. La sivyo hii si shule, ni soko."

Muda si mrefu mlango uligongwa. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Mama Furaha, bado na sare ya kazi yake ya usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Watoto wake walikuwa wamelowa chapachapa.

"Fungua, Mwalimu! Basi ndiyo ilichelewa!"

"Mama, saa tatu ni saa tatu. Kule nyumbani mlikuwa mnawahi!"

"Kule nilikuwa nalala usiku, Papa! Batoto wananyeshewa. Mtu akiita polisi, wataninyang'anya hawa batoto!"

Mwalimu aligeukia ubao. Nilitazama viatu vyangu. Mama Furaha aliwashika watoto mikono, akaondoka.

Saa nne msimamizi alihesabu mara mbili. Saba. Akaomba ufunguo, nikampa.

Saa sita, baada ya somo, kwenye kituo cha basi, Mwalimu aliniuliza, "Kwa nini hukufungua?"

"Ulikataza."

"Mimi ni mwalimu, ilinipasa kukataza. Wewe ulipaswa kuwaombea."

Nilikuwa naijua desturi hiyo. Kwetu mwalimu hukataa kwa ukali, mwingine humwombea aliyekosa, naye hulegea bila kuaibika. Hata mimi niliwahi kuombewa hivyo darasa la tatu.

Basi lake lilikuja kwanza. Hakuniaga.

Siku hizi mtu akikataliwa mbele yangu, namwombea, hata sauti ikitetemeka. Shule ile haikufunguliwa tena.