Posa ya Mlali na Mvinyo Usio na Kizibo

Mdogo wangu Elia alikuwa amepata kazi Dodoma, na huko akampenda Debora, binti wa Mlali. Mama akanituma mimi, kaka mtu, nitoke Korogwe nikamposee. Ukweni waliomba kitu kimoja tu cha kutanguliza: chupa ya mvinyo wa Dodoma yenye kizibo. Mimi nikasikia mvinyo, mengine nikayaona ya ziada.

Dodoma niliingia mchana, koo limekauka kwa vumbi. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa milango, na maduka ya Majengo, yaliyozoea rafu tupu, yalikuwa yamefurika vitu vya nje. Muuza duka akanishikisha chupa ndefu yenye kifuniko cha bati cha kuzungusha.

"Kizibo cha nini tena, kaka? Hii haivuji, haichachi, wala hutafuti kizibuo."

Nikainunua. Nilipenda kuonekana mtu wa kisasa.

Kwenda Mlali nilipanda lori la magunia. Harufu ya mtama mkavu njia nzima, hadi leo nikiikumbuka moyo unalainika. Bibi yake Debora, aliyemlea na ndiye mwenye neno, akanipokea kwa kicheko: "Mbukwa!" Kigogo sikijui, nikajibu shikamoo.

Mjomba wa binti akazungusha kifuniko, kikafunguka. Bibi akawa bado anasubiri mlio wa kizibo.

"Mbona haijalia?"

"Imeshafunguka, bibi."

"Nani aliifungua kabla yetu?"

Nikamweleza kuwa ni mtindo mpya, kwamba unaweza hata kuifunga tena. Hapo ndipo nilipoharibu. Akaichukua, akafunga, akafungua, akafunga.

"Kizibo kikitoka hakirudi. Mjukuu wangu naye nikimtoa, simtoi arudi. Wewe umeniletea cha kurudisha?"

"Bibi, hii ni chupa tu."

"Kama ni chupa tu, kalete nyingine. Bila hiyo, posa hakuna."

Dodoma nilirudi nimevimba kwa hasira. Lakini Elia aliponisikia alikaa chini akashika tama, na hasira yangu ikaisha. Tukazunguka Majengo duka kwa duka. Mvinyo wa pale pale nyumbani ulikuwa umesukumwa nyuma na wageni! Mwishowe tukapata chupa moja ya kizibo, imesimama rafuni kwa muda mrefu hata maandishi yamefifia.

Mlali, mara ya pili, mjomba akavuta kizibo kikakatika. Kipande kilichobaki akakisukumia ndani kwa mpini wa mwiko. Bibi akanipa mimi kikombe cha kwanza. Mvinyo ulikuwa umegeuka siki, na chembe za kizibo zinaelea. Nikanywa wote.

"Umechacha?"

"Umechacha, bibi."

"Ule wa kwanza tuliunywa ulipoondoka. Mtamu kweli!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka machozi yakanitoka. Kisha bibi akafuta uso kwa khanga, akatulia.

"Haya. Mchukueni mwenzenu."

Korogwe nilirudi na habari njema, na tumbo linaloniuma. Nilijifunza kwamba kuna watu hawakupi kilicho chao mpaka wakuone umehangaika, na sasa siwalaumu. Bibi ameshatangulia mbele za haki. Siku hizi nazungusha vifuniko tu, na mvinyo huwa safi kila mara, lakini ninachokitamani ni kile kikombe cha siki.