Bata wangu ameacha kuyumba

Leo bata wangu amemnyamazisha jirani yangu, Mama Brayo.

Ni yule mdogo. Wenzake wamekua, yeye alibaki kadogo tu, miguu dhaifu, anayumba na kuanguka.

Wiki jana huyu jirani alinipata nimebeba machicha ya pombe ya busaa.

"Kumbe siku hizi unakunywa?"

Nikamwambia ni ya bata, apate nguvu ya miguu.

Alicheka mpaka ploti nzima ikatoka nje. "Anayumba hivyo, na bado unamlewesha?"

Sawa.

Leo asubuhi bata ametoka kwangu, akanyoosha moja kwa moja hadi kwa karai la Mama Brayo lenye samaki wa omena, akaanza kula. Hakuanguka hata mara moja.

Mama Brayo hata hakumfukuza. Alimwangalia tu, halafu akaniuliza polepole:

"Hiyo machicha imebaki? Baba Brayo pia anayumba."

Nimpee ama nisimpee?