Kioo cha Baba na Mtani Wake

Baba yangu, Kasimiri, ni fundi seremala hapa Tabata, na ana ugonjwa wa vitabu. Macho yalipoanza kuchoka aliacha kusoma, akawa anashinda amenuna kama mfiwa. Ndipo nikamnunulia tableti ya kusomea vitabu, ile ambayo unakuza herufi utakavyo. Baba akarudi kuwa mtu. Alisoma mpaka chakula kikapoa, na mama akigomba hasikii.

Baba ni Mngoni, rafiki yake Kondo ni Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Wametukanana tangu mie mtoto, wamezikiana ndugu, na sijaona hata siku moja mmoja amemnunia mwenzake. Sasa juzijuzi Kondo aliingia karakanani, akajitupa kwenye benchi bila kuangalia. Tableti ilikuwa hapo, chini ya taulo. Kioo kikapasuka chote.

Sikuhofu. Waranti yake inakubali kioo kilichovunjika kwa bahati mbaya, unapewa kingine. Mie nilikuwa kazini, wakaenda dukani wao wawili. Praygod, kijana wa kaunta, akauliza kimevunjikaje.

"Huyu Mngoni kakipiga nyundo makusudi," Kondo akadakia. "Anataka kipya!"

"Kweli, mzee?"

"Kweli tupu," baba akajibu huku akicheka. "Na nyundo kaniazima yeye!"

Mtani akikuchokoza unamjibu, ndivyo baba alivyolelewa. Praygod wa watu akaandika alichosikia. Jioni ujumbe ukaingia: ombi limekataliwa, kioo kimevunjwa makusudi.

Nikapiga simu dukani nimefura. Wakasema watalipokea tena ombi letu iwapo yule rafiki aliyeanza habari ya nyundo atakuja kueleza ukweli. Nikashusha pumzi, nikamfuata Kondo.

"Shikamoo, baba. Naomba ukawaambie tu kwamba ulikikalia."

"Marahaba. Yaani mie nikajiite mwongo mbele za watu? Utani hauna kesi, binti yangu. Baba yako mwenyewe si alicheka?"

Nilimbembeleza mpaka nikalia. Baba naye akaenda, yeye asiyependa kuomba mtu kitu. Kondo akamtania kwamba Wangoni siku hizi wanalialia, akamkaribisha kahawa, na dukani hakwenda. Duka likafunga shauri. Huo haukuwa utani hata kidogo. Kondo alimsaliti baba, halafu akajificha nyuma ya utani.

Jana alipita karakanani kama kawaida yake. Akamtupia baba tusi pale mlangoni, tusi tamu kweli, mafundi wakaangua kicheko na kugeuka kusubiri jibu.

Baba akaweka randa chini. Akajifuta vumbi mikononi, akasimama.

"Habari za asubuhi, Bwana Kondo," akasema kwa adabu. "Karibu. Tukusaidie nini?"

Kondo akacheka peke yake, akasubiri. Baba alibaki amesimama vilevile, kama anavyosimama mbele ya mteja asiyemjua.