Sauti Tatu Nyuma ya Selo

Selo ya shule ilifika nyumbani kwetu Rooty Hill, huku ughaibuni, siku ya mwisho kabla ya likizo ya baridi, mwaka wa pili wa Corona. Binti yangu aliibeba mgongoni kutoka stesheni. Kwa mbali uliona sanduku jeusi lenye miguu miwili. Selo ni ndugu mkubwa wa fidla: huiweki begani, unakaa kitini na kuishika kati ya magoti. Tuliisimamisha kwenye kona ya sebule, kati ya televisheni na kiti cha mama mkwe wangu, tukidhani itakaa wiki mbili. Likizo ilipoisha, lango la shule halikufunguliwa.

Nieleze kwanza shule yenyewe. Ndani ya ua mmoja wanasoma watoto wa chekechea hadi vijana wa darasa la mwisho, na muziki unapanda nao. Chekechea wanaimba na kupiga makofi. Darasa la tatu kila mtoto anakabidhiwa ala ya nyuzi, atake asitake. Darasa la sita kuna mtihani: anayefaulu anaingia okestra ya wakubwa na ala inabaki kwake mpaka amalize shule, asiyefaulu anairudisha, apewe mtoto mwingine.

Corona ilipoingia, kuimba darasani kulikatazwa, na tarumbeta zikafungiwa kabatini kwa sababu ya pumzi. Nyuzi ndizo zilizobaki. Kabla ya kufungiwa nyumbani niliwaona watoto wa chekechea kupitia uzio, wakijifunza wimbo kwa kupiga mapaja, midomo imefumbwa. Kwa hiyo binti yangu aliposema anataka okestra, nilijua hataki jambo dogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza kukitaka bila kusukumwa na mtu.

Sasa nyumba yetu. Mimi nililelewa kwenye kwaya ya kanisa magharibi mwa Kenya, sauti ya pili. Mume wangu na mama yake ni watu wa Bukavu; yeye ni besi, mama yake sauti ya kwanza. Kwetu mtu akianza wimbo haachwi peke yake. Kumwacha ni kama kumkalisha mezani mkamtazama akila. Hatujawahi kukaa kikao kupanga hivyo. Sauti moja ikitoka chumbani, mbili zinaitikia kutoka jikoni. Miezi ile ibada ilipohamia kwenye simu, sebule yetu ndiyo ikawa kwaya nzima.

Mtihani ulikuja kwa barua pepe. Mwanafunzi apige kipande kimoja cha kwenye karatasi, na wimbo mmoja wa kwao anaoujua kwa kichwa. Arekodiwe nyumbani, mara moja, bila kukata. Selo tu, isisikike ala nyingine wala mtu.

Kwa wimbo wa kwao alichagua ule ambao bibi yake huuimba kwenye maombi ya asubuhi. Tulirekodi Jumamosi. Mume wangu alikuwa anaoga kabla ya kwenda zamu ya ghala, mimi namenya viazi, mama mkwe yuko kwenye kiti chake na blanketi magotini. Nilijipongeza kwa ukimya wetu. Tukatuma.

Jumanne mwalimu akajibu. Alisifu kwanza, halafu akaandika: "Nimesikia watu watatu wakiimba. Wanaimba vizuri sana, lakini siwezi kuwapa maksi. Tafadhali nileteeni nyingine kabla ya Jumamosi."

"Watu gani?" nikauliza. Tukaizunguka simu na kutega masikio. Ndiyo, pale penye ubeti wa pili niko mimi, wazi kabisa, na kisu kinagonga ubao. Chini yangu kuna besi inayotoka bafuni pamoja na maji. Juu yetu sote, mama mkwe.

"Miye sikuimba," mama mkwe akasema. "Nilikuwa napumua tu."

"Unapumua na maneno, Mama?" mume wangu akamuuliza.

"Na hiyo besi, ni ya nani? Ya friji?"

Tulicheka mpaka nikaketi. Binti yangu hakucheka. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba turudie sasa hivi na tufunge midomo. Tukafunga. Akapiga. Kwenye mstari wa nne wimbo ulianza kuteleza kwenda chini, kidogo kidogo, kama tairi linalopoteza upepo, na ulipofika mwisho haukuwa mahali ulipoanzia. Akarudia, ukateleza tena. Akaweka chini upinde wa selo.

"Mkinyamaza sijui noti iko wapi," akasema.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee, na kila zamu naandika: nani amekula, nani amekataa, saa ngapi. Mtu akibadilika narudi nyuma kwenye daftari kutafuta ilipoanzia. Nilifanya hivyo hivyo. Kwenye simu yangu kulikuwa na video za mazoezi yake, nikazisikiliza moja baada ya nyingine. Zote ambazo selo ilikaa sawasawa, kulikuwa na mmoja wetu nyuma yake. Moja tu tulikuwa kimya, siku ambayo mama mkwe alikuwa amelala, nayo iliteleza palepale. Tulikuwa tumemshika mkono miezi yote hiyo bila kujua, na yeye hakuwahi kutembea bila mkono. Sasa selo ingerudi shuleni kwa sababu ya upendo wetu.

Sikuona sababu ya kuogopa. Mtu aliyezoea dawa humkatizi ghafla, unampunguzia. Nikapanga: Jumatano tunaondoa besi, Alhamisi sauti ya kwanza, Ijumaa naondoka mimi.

"Kwa nini miye niondolewe mbele yako?" mama mkwe akauliza.

"Kwa sababu wewe ndiye unayebeba wimbo, Mama. Mimi nafuata tu."

Akafikiri. "Hapo umesema kweli," akasema, akakubali.

Jumatano mume wangu alisimama uani na chai yake, mdomo kwenye kikombe. Wimbo uliteleza mara moja, ukarudi. Alhamisi mama mkwe alijaza mkate mdomoni na kutafuna polepole tangu mwanzo hadi mwisho. Mstari wa nne uliyumba. Binti yangu akaurudia mstari huo peke yake mara nyingi hivi kwamba nilianza kuuchukia. Mimi niliendelea na sauti ya pili, kila mara chini zaidi, mpaka jioni nilikuwa nanong'ona.

Ijumaa niliiacha simu ikirekodi, nikatoka nje nikafunga mlango. Nilisimama chini ya kamba ya nguo, barakoa yangu ya kazini ikining'inia sikio moja, nikamtazama kupitia dirisha. Alipofika mstari wa nne hakutazama vidole. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anatuimba sisi watatu, kimya, na mkono unamfuata. Wimbo ukaishia palepale ulipoanzia. Treni ilipita alipokuwa anashusha upinde, na treni si mtu wala ala. Tukatuma.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata: amepata nafasi, na selo ibaki nyumbani.

Jumapili, kabla ya ibada ya simu, aliivuta katikati ya sebule mwenyewe. Alipopiga noti za kwanza tukavuta pumzi sote, mama mkwe mbele yetu, mdomo umeshafunguka.

Binti yangu akainua upinde, akauelekeza kwake.

"Bado, Bibi."

Akapiga ubeti wote wa kwanza peke yake, sisi tumekaa kama wageni. Kisha akatupa ishara kwa kichwa, tukaingia.