Kilomita Kumi na Mbili

Nyumbani kwetu Nkoaranga tulikuwa na namba moja ambayo sisi watoto tuliijua kuliko tarehe zetu za kuzaliwa: kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi ya pikapu ya baba. Namba hiyo ilibadilika kwa nadra, na ilipobadilika tulitangaziwa mezani kama ndoa zinavyotangazwa kanisani. Mimi, kifungua mimba na kipenzi cha baba, ndiye niliyepewa kazi ya kuikumbuka. Aliniita "mtunza namba" mbele ya wageni, nami nikiitaja bila kukosea nilijiona nimeshamaliza chuo kikuu.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya Kijapani, rangi ya maziwa. Baba aliinunua mpya kwa kahawa ya misimu miwili, wakati bei ilipopanda mpaka wazee wa mlimani wakaanza kuvaa saa. Mchungaji aliiombea mbele ya kanisa. Siku hiyo mama alipanda mbele akiwa amevaa gauni la kitenge aliloshonesha kwa ajili ya safari hiyo, wakateremka hadi barabara kuu, wakarudi. Baada ya hapo sikumbuki kumwona tena kwenye kile kiti, na nailoni ya kiwandani haikuondolewa. Baba aliijengea pikapu banda la mbao akaliezeka kwa bati jipya. Jiko la mama wakati huo lilikuwa bado la majani makavu ya mgomba.

Halafu ikaja ile miaka ya kukosa. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na tairi hata ukipanga foleni hupati. Magari mapya hayakuingia, kwa hiyo gari kuukuu likauzwa kwa bei kubwa kuliko ile liliyonunuliwa likiwa jipya. Baba aliliona hilo, akakata shauri. Aliiinua pikapu kwa jeki, akaiweka juu ya mawe manne ili tairi zisichoke, akaifunika turubai. Kila Jumamosi asubuhi aliiwasha, akaiacha ingurume mpaka moshi uishe, akaizima. Ilishuka kwenye mawe kwa harusi kubwa, kwa msiba mkubwa, na kwa kupeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika, basi. "Akiba haiozi," alituambia, na hakuna aliyembishia kwa sababu majirani walikuja kuitazama kama watu wanaokwenda kutazama ng'ombe wa kizungu.

Mwaka mmoja mtu wa mjini alipanda mlima akataka kubadilishana: pikapu kwa kiwanja Sekei, kule mjini, kando ya barabara, na karatasi zake zote. Mama aliacha kumenya ndizi akatoka jikoni kusikiliza. Baba alimkaribisha yule mtu chai, akamsindikiza, akarudi akicheka. "Mwakani kitakuwa viwanja viwili," alisema. Kisha akamgeukia mama, na maneno aliyomwambia nayakumbuka yote. "Mama watoto, nikiuza hili gari nitakujengea fremu ya duka mjini. Utauza ndizi umekaa kwenye kiti. Hutatembea tena."

Watu nikiwasimulia habari hii humwona baba mkatili. Hakuwa mkatili, na ndiyo maana inaniuma. Alikuwa anamtafutia mke wake kiti.

Wakati tukikisubiri, mama alitembea. Kila siku ya soko alijitwisha mkungu kichwani, mwingine mdogo akaubeba mgongoni, akateremka kwa miguu hadi sokoni Tengeru. Wakati wa masika ile njia huteleza kama sabuni, na wanawake hushuka wameegemea visigino. Kutoka njia ya shambani alipita mbele ya banda la pikapu, maana hapakuwa na pengine pa kupita. Kila alipopita aliona kona ya turubai imefunuliwa na upepo, akasimama na mzigo wake kichwani, akairudisha kwa mguu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu siku ile ninayotaka kuisema. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, na goti la mama la kulia lilikuwa limevimba hata halikunjiki. Alikuwa na mikungu minne imeshakatwa, na ndizi zikishakatwa hazingoji mtu. Alikuja mpaka barazani, alipokuwa baba, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, leo tu. Nipeleke na gari." Mama hakuwa mtu wa kuomba. Baba alitazama banda, nami naamini mpaka leo kwamba alikuwa anataka kukubali na alitafuta wa kumsukuma kidogo. Akanigeukia mimi. "Mtunza namba, unasemaje?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema goti lake limevimba, Baba. Lakini nilikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani kwa hesabu na nilipenda kusifiwa. Nikasimama wima. "Sita kwenda, sita kurudi. Kumi na mbili, Baba."

"Umesikia," baba alimwambia mama, kwa upole kabisa. "Kumi na mbili."

Mama alinitazama mimi, wala si baba. Akaokota ngata yake, akaichapa pajani kuondoa vumbi, akaiweka kichwani. Alikwenda safari mbili siku ile.

Nilipomaliza shule nikapata kazi ya kupiga chapa kwenye ofisi moja mjini, nikapanga chumba Sekei. Huko ndiko nilikoyaona mabadiliko kabla hayajafika mlimani. Ruhusa ya serikali ilikuwa imetoka, mwenye uwezo alete mali kutoka nje. Madukani ikajaa sabuni ya kila rangi, na kwenye yadi za magari yakaanza kusimama magari yaliyotumika kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai, yamepigwa polishi, redio ndani, mengine bado na vibandiko vya Kijapani ambavyo hakuna aliyejua vinasema nini. Kila mwezi yaliongezeka. Kila mwezi pikapu ya baba ilishuka bei ikiwa imekaa kimya juu ya mawe yake. Na kila asubuhi nikienda kazini nilikipita kile kiwanja. Kilikuwa na duka sasa, fremu tatu, na kwenye fremu ya mwisho alikaa mama mmoja mnene, anauza nyanya na ndizi, amekaa kwenye kiti. Hakunikosea lolote yule mama, lakini sikuweza kumsalimia.

Nilimwambia baba auze. Nilimwambia kila nilipokwenda nyumbani. "Hayo ni mitumba," alinijibu. "Yametembea mpaka yamechoka. Langu halijatembea. Chema chajiuza, mwanangu." Alikaa akisubiri chema kijiuze, na mama aliendelea kuteremka Tengeru, sasa kwa fimbo.

Siku moja mama alianguka njiani na mkungu. Hakuvunjika, lakini alirudishwa nyumbani ameshikwa huku na huku na wanawake wenzake. Jumatatu yake baba alinitumia salamu nimtafutie mtu wa kuja kukadiria bei. Nilimpata mfanyabiashara mmoja kutoka Kilimanjaro, mwenye yadi yake mjini, mtu anayesifika kwa kutopunja. Tulipanda naye mlimani Jumamosi. Baba alikuwa amevaa koti la kanisani. Pikapu ilikuwa imeshushwa kwenye mawe, imeoshwa, na mbele yake baba alikuwa amefagia uwanja mpaka ukabaki na mistari ya ufagio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu. Gari hilo hapo, litazame mwenyewe. Mimi sisemi kitu."

Yule bwana aliitazama kama daktari anayepima mtu. Alifungua mlango, akaunyanyua kidogo kwa kitasa kuona kama bawaba zimelegea. Akainama, akapitisha kidole gumba kwenye raba ya pedali ya klachi, na mistari yake ilikuwa bado imesimama. Akashika nailoni ya kiti cha abiria, akacheka peke yake. Akasoma dashibodi.

"Elfu tisa mia nne na kumi na moja," nilisema kabla hajasema yeye. Nilikuwa mtu mzima na bado sikuweza kujizuia.

"Mzee," alisema, "nimeshika magari mengi. Hili ni safi kuliko yote."

Baba alinitazama. Sijawahi kumwona akiwa na furaha vile, wala kabla wala baadaye.

Kisha yule bwana akaendelea na kazi yake. Akafinya raba ya kioo, ikabaki vidoleni mwake unga unga. Akatuonyesha tairi: kashata, yale meno yake, zote zipo, lakini ubavuni zimepasuka kwa uzee. Akafungua tangi, akanusa, akatikisa kichwa kwa sababu ya kutu. Alisema gari nalo huzeeka kwa kusimama, na kwamba spea za aina ile hazikuletwa tena. Halafu akataja bei. Nitasema tu kwamba ilikuwa bei ya ng'ombe mmoja wa maziwa na mabati ya kuezekea jiko. Kiwanja cha Sekei hakikuwemo hata robo.

Baba alishika ubavu wa pikapu. "Na kilomita?" aliuliza. "Hujahesabu kilomita."

Mama alikuwa amekuja na sinia la chai na ndizi za kuchoma, amesimama kwenye nguzo ya banda. Yule bwana alikuwa na moyo mzuri, naye aliona uso wa baba umebadilika, akataka kumfariji.

"Mzee, usijilaumu kwa lolote. Siku hizi gari la zamani haliulizwi kilomita, linaulizwa spea. Hata hili lingekuwa limetembea laki mbili, ningekupa hiyo hiyo."

"Hata lingetembea?" Aliyeuliza ni mama.

"Hata lingetembea kila siku, mama yangu."

"Ahaa," mama alisema. Akaweka sinia juu ya boneti, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuthubutu kuweka hata kidole. Akamimina chai, kikombe cha mgeni kwanza, kisha cha baba, kisha changu. Hakumwaga hata tone. Changu nilikimwagia kwenye sketi.

Baba aliuza siku ile ile. Nafikiri hakuweza kulala tena nyumba moja na ile pikapu. Ng'ombe alinunuliwa, na mama ndiye aliyemkatia majani. Lile banda akapewa ng'ombe.

Lakini pikapu haikuondoka mlimani, na hilo ndilo hatukulitazamia. Yule bwana aliitengeneza, akaiuza kwa kijana mmoja wa Usa River, na kijana akaona biashara iko kwetu: wanawake wenye ndizi na barabara mbaya. Aliifunga mabenchi nyuma akaanza kupanda na kushuka, Nkoaranga na Tengeru, mara kadhaa kila siku, ya soko na isiyo ya soko. Mama akawa anafunga nauli kwenye pindo la kanga.

Nilipanda naye mara moja tu, nilipokuwa likizo. Tulikuwa tunarudi kutoka sokoni. Dereva alimheshimu mama kwa umri wake, akamtaka akae mbele, na mimi nikabanwa katikati. Nailoni ilikuwa imeshachanwa. Mama alikaa ametulia, kikapu magotini, kisha akaanza kufuta vumbi la dashibodi kwa ncha ya kanga, taratibu, pasipo kujua kwamba anafuta. Alipofika kwenye kile kioo kidogo cha kilomita akasimamisha mkono.

"Imefika ngapi?" aliniuliza. Macho yake yalikuwa hayaoni tena maandishi madogo.

Ilikuwa imepita elfu ishirini na tisa, na mwaka tangu iuzwe ulikuwa haujaisha. Nilimtajia. Akamalizia kukifuta kile kioo.

Kwenye kona iliyo chini ya nyumba yetu, penye mti wa msonobari, kabla mtu hajaona paa, mama alimwambia dereva, "Shusha hapa." Alishuka kwa kukaa kwanza ukingoni mwa kiti na kuuburuta mguu. Nilimwambia nyumbani bado, palikuwa na mwinuko mzima wa kupanda. "Baba yako yuko barazani," alisema. "Mimi hushukia hapa siku zote. Asinione nikitoka humu."

Nilichukua kikapu. Tulipanda polepole, akiniegemea. Miaka yote ile nilikuwa nimelibeba lile neno, nikaona kwamba nisipolisema pale sitalisema tena.

"Mama, siku ile niliposema kumi na mbili..."

Aliendelea kutembea. Nilidhani amesahau, nikaanza kulia kwa aibu na kwa afueni.

"Ulikuwa mtoto," alisema baadaye kidogo, akihema. "Na hesabu uliipata."

Nyuma yetu, kule konani, pikapu iliwashwa. Iliendelea na safari, ikanguruma kwa mlio ule ule ambao baba aliusikiliza Jumamosi zote za utoto wetu, mlio ambao angeutambua kati ya magari mia. Tulipotokeza uwanjani hakuwa barazani. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa jiko, ametazama pembeni, na mbele yake alikuwa ameshatoa kiti cha mama, na kando ya kiti beseni la maji ya moto.