Anayefua Taulo

Kuna siku moja, mwanangu Nafula, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nashusha pumzi, hata kama nimekaa tu nakunywa chai. Nilikuwa msichana wa saluni, sijaolewa, na nilikuwa ndani ya meli ya kitalii iliyokuwa kubwa kuliko jengo lolote nililowahi kuingia mjini.

Usicheke. Jana ulikuja kunionyesha tiketi zenu za meli, wewe na mumeo, ukaniuliza, “Mama Mkubwa, hawa watu wa kwenye meli hupewa nini, na hupewa lini?” Nikakuambia nitakujibu wateja wakiisha. Sasa wameisha. Swali lako ni zuri, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi sikuuliza, na kidogo tu nimfukuzishe kazi msichana wa watu.

Wakati huo sikuwa na saluni yangu. Nilikuwa nimeajiriwa hapa hapa Kenyatta Market, kwenye kibanda cha nyuma ambapo moshi wa nyama choma unaingia kwenye nywele za mteja kabla hujamaliza kumsuka. Kila Jumamosi nilitumwa Lavington kwa mjane mmoja, Mama Wairimu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mgongo haukumruhusu tena kukalia viti vyetu. Nilimwosha nywele, nikamsuka, nikala chakula chake cha mchana, na nikitoka ananitia kitu mkononi. “Hii ni ya soda,” anasema. Watoto wake walioko ng’ambo wakamlipia safari ya meli. Binti aliyekuwa aende naye akanyimwa ruhusa kazini, ukabaki muda wa kutafuta viza tu, na Mama akasema, “Basi nitaenda na Nekesa. Angalau nitarudi nikiwa nimesukwa.” Hivyo ndivyo mtoto wa Kangemi alivyopanda ndege mpaka Ulaya na kuingia melini. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Macho ya Mama yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo mkoba wa pesa nilikuwa naubeba mimi. Kumbuka hilo, maana ndipo maneno yalipoanzia.

Siku ya kwanza tu nilijiaibisha. Karibu na lifti alikaa bwana mmoja mwenye suti, kazi yake ni kuwapangia wageni mambo yao: meza ya chakula, matembezi ya bandarini, kiti cha magurudumu. Nilitaka Mama apate meza ya karibu na mlango asitembee sana. Basi nikakunja noti kwenye kiganja, nikamsalimia kwa mkono vile tunavyojua sisi. Yule bwana akafungua kiganja, akaitazama noti, akanirudishia kwa adabu kabisa. Akasema Mama atapata meza hiyo kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba safari ikiisha, nikiona amenifaa, hapo hatakataa.

Mama alicheka mpaka akavua miwani aipanguse. “Nekesa, umedhani unafuatilia hati ya shamba?” Halafu akaniambia, “Ukitoa kabla, unanunua. Ukitoa baadaye, unashukuru. Mtu anayejiheshimu anajua tofauti hata kama noti ni ile ile.” Nikasikia. Lakini kusikia la kwanza hakumaanishi utasikia la pili.

Huko juu kulikuwa na sebule kubwa ambapo wageni hunywa kahawa na kutazama maji. Msichana aliyekuja kutuhudumia alikuwa na jina kifuani, nikalisoma: Akinyi. Nikamsalimia, “Sasa?” Sinia nusura limponyoke.

“Aki dada, mnatoka Nairobi?”

“Kangemi.”

“Mimi Kawangware! Wacha, wacha, msiende mahali.” Akaenda jikoni, akabembeleza huko sijui nani, akarudi na chai iliyochemshwa na maziwa, chai ya kwetu, si ile ya kuzamisha kikaratasi kwenye maji moto. Mama aliinywa amefumba macho. Kuanzia hapo kila asubuhi tulipanda juu kumtafuta Akinyi, na katika vipande vipande vya mazungumzo nikajua mambo yake. Ulikuwa mkataba wake wa kwanza. Mama yake alikuwa ameuza ng’ombe ili alipiwe mafunzo na vyeti vya kusafiri, na wadogo zake walikuwa wanasoma kwa mshahara huo huo.

Sasa, kwenye meli zile, Nafula, kila siku kuna pesa kidogo inayoongezwa kwenye deni la chumba chako, kwa ajili ya watumishi. Huombwi, inaongezwa tu. Mezani kulikuwa na mgeni mmoja mjuaji, akaniambia kwamba ukienda pale mapokezi na kusema hutaki, wanaiondoa. Mimi nimekulia Nairobi. Ukiniambia pesa itapitia ofisini kwanza ndipo iwafikie wafanyakazi, naiona kabisa ofisi inavyoshiba na wafanyakazi wanavyopiga miayo. Nikajiambia, mkono mtupu haulambwi, na Akinyi ni mtoto wetu. Kwa nini nimlishe mkubwa wa ofisi nisiyemjua? Siku ya mwisho asubuhi nikashuka mapokezi, nikasema tuondolewe ile pesa yote ya safari nzima. Wakaiondoa bila swali. Nikatoa kiasi kile kile kwenye mkoba, nikakitia kwenye bahasha, nikampa Akinyi mkononi. Mama sikumwambia kitu. Nilitaka nimwambie jioni anisifu.

Tangu nizaliwe sikuwa nimejiona mwema namna ile.

Mchana Akinyi akaja mlangoni kwetu. Mama alikuwa bafuni. Uso wa msichana ulikuwa umebadilika.

“Dada, kwani mliondoa ile pesa ya kila siku?”

“Ndiyo. Si nilikupa wewe?”

Akaegemea ukuta. Akanieleza polepole, kwa sauti ya chini. Ile pesa ya kila siku hugawanywa kwa watu wengi wasioonekana, na mgeni akiiondoa, chochote atakachompa mtumishi mkononi lazima kipelekwe kwa msimamizi kikagawanywe na wote. Ukikaa nacho, umeiba. Mimi sikuwa najua. Yeye hakujua kwamba sisi tumeondoa. Lakini namba za vyumba vilivyoondoa zilikuwa zimemfikia msimamizi, na mwenzake mmoja alikuwa amemwona akitia bahasha mfukoni asubuhi.

“Nampelekea sasa hivi,” akasema. “Lakini ataniuliza nimekaa nayo tangu asubuhi nikingoja nini. Dada, wakiandika kwamba nilificha, nashukia bandari ya kesho. Nitamwambia nini mama?”

Akaenda. Mimi nikabaki nimesimama pale na wema wangu wote.

Mama alipotoka bafuni, akaketi nimsuke, maana jioni kulikuwa na chakula cha kuagana. Nikaanza. Akili ilikuwa kwa Akinyi, nikawa navuta nywele.

“Nekesa, hicho ni kichwa, si kamba ya mbuzi. Una nini?”

Nikamwambia yote. Hakunifokea, afadhali angefoka. Akauliza, “Zile taulo unazonifunga shingoni kila Jumamosi, nani huzifua?”

“Selina, Mama. Hukaa kule nyuma kwenye beseni.”

“Nimewahi kumwona?”

“Hapana.”

“Miaka yote hii nakupa wewe ya soda. Wewe humgawia?”

Kumgawia! Sikujua hata Selina anaishi mtaa gani.

“Ukiona vyaelea, vimeundwa,” akasema Mama. “Akinyi anatuletea chai, na kuna mtu ameosha kikombe. Kuna anayefua shuka tunazolalia, yuko huko chini hata dirisha hana. Ile pesa ya kila siku ndiyo mkono wetu unaomfikia yeye. Wewe umeukata kwa sababu yeye hakukusalimia kwa Kiswahili.” Halafu akashika fimbo yake. “Nishike mkono, twende.”

“Mama, kichwa bado nusu.”

“Wacha waone nusu.”

Mwanangu, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, alitembea meli nzima upande mmoja umesukwa na upande mwingine nywele zimesimama wima. Watu walipisha njia. Pale mapokezi foleni ilikuwa ndefu, kila mtu anafunga hesabu zake, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kwa Kibukusu, maana mambo yakiwa magumu Kiswahili huniishia. Tulipofika mbele Mama akasema, “Huyu binti yangu aliondoa pesa ya watumishi bila kujua. Tunaomba irudishwe yote.”

Kijana wa mapokezi akabonyeza bonyeza mashine yake. Akasema inawezekana, akaunti yetu haijafungwa.

Nusu ya mzigo ikanitoka pale pale. Mama akataka aitiwe msimamizi wa sebule. Akaja bwana mnene wa koti jeupe, Mama akamweleza kwamba kosa ni letu, si la msichana, na kama kuna wa kuandikwa jina, aandikwe mstaafu wa Lavington. Yule bwana akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti. Haikuwa imefunguliwa. Akasema Akinyi aliileta mwenyewe kabla hajaitwa, na kwamba alichokuwa hajaelewa ni kwa nini imechelewa. Sasa ameelewa. Na kwa kuwa ile ya kila siku imerudi, hii ya bahasha si ya kugawanywa tena, ni ya msichana mwenyewe, na hakuna kitakachoandikwa.

Nilikaa chini, Nafula. Palikuwa na ngazi, nikaikalia mbele ya wazungu wote na nguo zao za jioni, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu mchana. Raha niliyoisikia siku hiyo sijawahi kuisikia tena, hata siku ya harusi yangu, na usimwambie mzee wangu. Akinyi alipoitwa alikuja macho mekundu. Akaambiwa, akageuka kumshukuru Mama, akaona kile kichwa nusu, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Akakataa turudi chumbani hivyo. Yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukammalizia Mama nywele pale pale sebuleni. Mama alikuwa ametoa pesa mara mbili kwa sababu yangu, na hakuwahi kuninung’unikia hata siku moja mpaka Mungu alipomchukua.

Basi swali lako. Ile pesa ya kila siku iacheni ilivyo, wewe na mumeo, hata mkisikia wajuaji mezani wakisema vingine. Ni ya watu msiowaona, na kidole kimoja hakivunji chawa. Kama inawalemea, iwekeni kwenye bajeti kabla ya kutoka nyumbani, msiende kuipunguza kwenye jasho la mtu. Ukimwona aliyekufaa zaidi, labda wa sebuleni aliyejua unavyopenda chai yako, au yule wa karibu na lifti aliyekutengenezea jambo gumu, mshukuru juu ya hiyo. Mshukuru mwishoni, kwa mkono wako, kwenye bahasha, bila kupiga picha na bila kutangaza. Usitoe mapema ili upendelewe. Hapo unamtia majaribuni na wewe unajishusha. Ukiwa huna zaidi, usione haya. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Muulize jina lake, na ile kadi ya maoni wanayowapa wageni usiitupe: andika jina hilo na alichokufanyia. Mama alinifanya niandike ya Akinyi, na ya yule bwana aliyenirudishia noti, kwa herufi kubwa. Baadaye nilisikia kwamba maneno kama hayo ndiyo humpandisha mtu cheo huko. Na zaidi ya yote, ukiwa mgeni wa jambo, uliza wenyewe wanafanyaje kabla hujaleta ya Kangemi.

Niliporudi huku nilikwenda kule nyuma kwenye beseni. Nikamwambia Selina, “Kuanzia leo, nikipewa ya soda, tunakunywa wawili.” Alinitazama akidhani bahari imeniharibu akili. Nilipopata saluni yangu nikamchukua, na mkebe ule unaouona pale kaunta, wa kutiwa ya soda tugawane wote, ambao wasichana wangu wanalalamika kwamba kila mtu angebaki na chake, wazo lake lilitoka kwenye meli ile. Wacha walalamike.

Mwezi uliopita aliingia hapa mama mmoja, miwani kichwani, sanduku la magurudumu. Akaketi kwenye kiti changu, akaniambia, “Sasa?” Nikamtazama kwenye kioo mpaka sega likaanguka. Alikuwa Akinyi! Ndiye msimamizi wa sebule siku hizi, yeye ndiye anayevaa lile koti jeupe. Wadogo zake wote wamesoma. Tulisuka, tukacheka, tukamkumbuka Mama na kichwa chake, na lile swali lake la taulo. Tulipomaliza alitia yake kwenye mkebe, nikadhani anaondoka. Kumbe anaangalia huku na huku. “Na anayefua taulo?” akauliza.

Nikamwonyesha pazia la kwenye beseni. Akapita nyuma, akamshika Selina mkono wenye povu, akamwambia jina lake, akamuuliza lake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu awafunike wewe na mumeo, maji yawe matulivu chini yenu, na mikono yenu isikose cha kutoa wala moyo wa kukitoa. Mkae kwa amani na kila atakayewaletea kikombe, na yule aliyekiosha. Mrudi wazima, nami nitakuosha hiyo chumvi ya bahari kichwani, Selina ataleta taulo.